Uraia wa kuzaliwa: na nani, si wapi

Juzi kwenye foleni ya vitambulisho, baba mmoja alimwekea karani cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mezani. "Huyu amezaliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi. Ni Mkenya wa kuzaliwa. Mnataka nini tena?" Tuliokuwa nyuma, wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa watu wanaoijua Katiba, na inanisumbua.

Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 ni fupi: wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa, iwe ndani ya Kenya au nje, mama yako au baba yako alikuwa raia. Pumwani haimo.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe, nalo halina hatia. "Zaliwa" ni kauli ya kutendwa ya "zaa". Ukisema mtoto amezaliwa, kuna aliyemzaa, kama vile chakula kilicholiwa kina mlaji. Swali la kwanza la kitenzi hiki ni "na nani?" Sisi tumezoea kuongeza jina la mahali, "nimezaliwa Kisumu", "nimezaliwa Lamu", mpaka mzazi akasahaulika. Sheria haikumsahau. Tena chini ya katiba ya zamani, mama Mkenya aliyejifungulia Kampala hakuweza kumrithisha mwanawe uraia. Nje ya nchi aliyehesabiwa ni baba peke yake. Mwaka 2010 akina mama walipewa haki hiyo, na kila tunapotaja hospitali badala ya mzazi tunaifuta kimyakimya.

Mahali huhesabika pale tu mzazi hajulikani: mtoto anayeonekana hajafikisha miaka 8, akipatikana Kenya na uraia wake na wazazi wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Lakini uraia wake unaweza kufutwa, kwa mfano ikigundulika ni wa nchi nyingine.

Uraia unaotokana na mzazi ni mgumu kung'oa. Wakili na mwanasiasa Miguna Miguna alipofukuzwa nchini Februari 2018, serikali ilishikilia kwamba alipochukua uraia wa Kanada wakati wa katiba ya zamani, ule wa Kenya ulikwisha. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikataa: uraia wake wa kuzaliwa haukupotea. Ibara ya 16 nayo inasema wazi kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Kizuizi kipo, katika Ibara ya 78, lakini kinahusu maofisa wa serikali wenye uraia wa nchi mbili, kinagusa cheo.

Cheti cha kuzaliwa chenyewe kina mstari mdogo unaosema si uthibitisho wa uraia wa Kenya. Yule baba huenda alikuwa na haki yote. Ila karatasi ya kutanguliza ilikuwa kitambulisho chake mwenyewe, nacho nilikiona kikichungulia kwenye mfuko wa shati.