Taa zikiwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima

Gari likilia "ta-ta-ta" na kugoma kuwaka, wengi huwasha taa, wakiona zinang'aa husema betri ni nzima, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ndiyo imekufa. Watu hununua stata mpya bure kwa sababu hiyo. Taa hutumia ampea chache tu. Stata hudai 100 hadi 200, na injini kubwa ya dizeli hudai zaidi. Betri iliyochoka huwasha taa vizuri kabisa, ikashindwa kuzungusha injini.

Sikiliza mlio wenyewe. Ukiwa wa haraka na mfululizo, kwa kawaida umeme haufiki wa kutosha: solenoidi (swichi ya sumaku inayoipelekea stata umeme) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Safisha na kaza vichwa vya betri kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kuliko watu wanavyodhani. Mlio mmoja mzito, huku taa hazififii, ndio unaoelekeza kwenye stata au nyaya zake.

Ukiwa na mita ya kupima volti, betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 mtu anapopiga stata, ishuku betri kwanza.