Mama wa maziwa hana kosa, ni tangawizi

Juni ikiingia, wingu likaukalia Mlima Meru hadi saa tano asubuhi na Moshi nako watu wakatoa masweta kabatini, lalamiko hurudi lile lile: "Maziwa yamekatika kwenye sufuria, huyu mama ameanza kuyachakachua." Wiki hii nimelisikia tena. Kazi yangu ni kupokea na kupima maziwa, na safari hii sitanyamaza, kwa sababu anayeumia ni mama aliyekamua alfajiri, akateremka mlimani na ndoo yake, halafu anakosa mteja kwa kosa ambalo si lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipupwe ndicho kipindi maziwa ya asubuhi yanapofika yakiwa mazuri kuliko miezi ya joto. Bakteria wanaochachusha maziwa hupenda joto, na baridi ya alfajiri huwapunguzia kasi. Kinachobadilika jikoni mwako ni chai. Miezi ya joto unakunywa chai ya majani matupu, au huinywi kabisa. Baridi ikianza, kila nyumba inatwanga tangawizi.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zingibaini, na kazi yake ni kukata protini. Ukitaka ndugu yake, ni ule utomvu wa papai bichi unaolainisha nyama ngumu; ndiyo maana hata tangawizi ukiipaka kwenye mishkaki usiku kucha nyama inalainika. Sasa maziwa yamejaa protini iitwayo kasini, iliyojikusanya katika vitonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kitonge kina kama manyoya kwa nje yanayokizuia kushikana na kingine. Zingibaini hunyoa manyoya hayo. Vitonge vinashikana, na wewe unaona punje zikielea kwenye chai. Wachina wa jimbo la Guangdong hufanya hivyo kwa makusudi: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi kwenye bakuli, wanayaacha yatulie bila kukoroga, na baada ya dakika chache wanakula kwa kijiko kitu laini kama jeli. Hakuna aliyechakachua chochote.

Kimeng'enya hiki kinafanya kazi kwa bidii zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi, na kikichemshwa kinakufa. Yote mengine yanatokana na hapo. Ukitia tangawizi kwenye maziwa ya baridi, ukaweka sufuria juu ya jiko la mkaa ambao umeshaanza kufa, chai inapita kwenye nyuzi hizo polepole, dakika baada ya dakika, na kimeng'enya kinapata muda wote kinaouhitaji. Jirani yako mwenye jiko la gesi anafanya kosa lile lile, lakini moto wake ni mkali, maziwa yanavuka haraka, hayakatiki, naye anaapa kwamba maziwa yake ni bora kuliko yako. Huenda mnanunua kwa mama mmoja.

Na tangawizi zenyewe hazilingani. Hata zile za Same, zinazoshuka kutoka milima ya Upare zikiwa bado na udongo, fungu la leo linaweza kuwa kali kuliko la juzi. Ndiyo maana "mbona juzi hayakukatika?" haithibitishi kitu.

Kwa hiyo tangawizi ichemke kwenye maji, peke yake, kabla haijakutana na maziwa. Kwa vikombe vinne, chukua maji nusu lita na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa dole gumba, gramu 20 hadi 30. Osha, itwange kwenye kinu mpaka ipasuke nyuzi. Vipande vikubwa joto linachelewa kufika katikati yake. Tia kwenye maji yanayotokota, funika, acha yachemke dakika tano kamili. Arusha mjini, kwa mwinuko wa karibu mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Moshi kama 97. Hizo zinatosha kabisa kukiua kimeng'enya, ila usihesabu tangu viputo vya kwanza vinapoonekana pembeni. Hesabu sufuria nzima inapotokota. Weka majani vijiko viwili vya chai, dakika mbili. Kisha maziwa nusu lita, yaliyokwisha kuchemshwa peke yake, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Ongeza moto, koroga, yapande mara mbili, epua. Iliki na mdalasini tia utakapo, havina shida. Sukari nyeupe vivyo hivyo. Sukari guru ina uchachu kidogo, itie baada ya kuepua.

Sasa turudi kwa mama na maji yake. Maji hayakati maziwa. Maziwa yaliyoongezwa maji yana protini chache kwa kila kikombe, ni mepesi na hayana utamu, na ukiyapima kwa laktomita, kifaa kinacholinganisha uzito wa maziwa na wa maji, uzito wake unashuka chini ya ile 1.028 hadi 1.032 ya maziwa halali. Maji machafu yataleta bakteria, na hao baada ya saa kadhaa watayachachusha, hilo ni kweli. Lakini kumtazama mtu usoni na kumwambia "umeweka maji" kwa sababu tu chai yako imekatika ni kumwonea.

Kuna imani ya pili iliyo mbaya zaidi: kwamba maziwa yasiyokatika kamwe ndiyo salama. Muuzaji asiye mwaminifu, maziwa yakianza kuchacha, anaweza kuyatia magadi kidogo. Magadi yanaua uchachu, na maziwa hayo yatachemka bila kukatika, yakiwa yamejaa bakteria. Ukiwafukuza wote ambao maziwa yao yamewahi kukatika, unaweza kujikuta umebaki na huyo mmoja.

Kujua mkosaji ni nani si kazi kubwa. Chukua vijiko vitatu vya maziwa yale yale, chemsha kwenye sufuria ndogo bila kitu chochote. Yakikatika, yamechacha, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au yamechanganyika na dang'a la ng'ombe aliyezaa juzi; hapo una haki ya kumuuliza mama. Yasipokatika, angalia tangawizi yako. Pua nayo inasaidia: maziwa yaliyochacha yananuka uchachu na ukiyaonja ulimi unakunja, wakati yaliyokatwa na tangawizi mbichi yana punje laini, harufu ya tangawizi na ladha ya maziwa matamu. Hayo hayana sumu. Yachuje, punje zile ule na asali.

Lakini kipimo hicho kina mpaka wake. Maziwa mazuri yana pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6.6 hadi 6.8; namba ikishuka, uchachu umepanda. Yakishuka kidogo, yanaweza kuchemka peke yake bila tatizo, kisha yakakatika kwenye chai, kwa sababu majani ya chai nayo yana uchachu wake na tangawizi imemalizia kazi. Hapo wakosaji ni wawili, na hata mimi siwezi kuapa nani ana sehemu kubwa. Kwenye mapokezi tunachanganya maziwa na alkoholi ya asilimia 68, kiasi sawa kwa sawa, kwa kuwa alkoholi inanasa uchachu mapema kuliko moto. Nyumbani huna kipimo hicho, basi faida ya mashaka hayo apewe mama.

Na kuna wanaofuata yote haya, kisha wanadumbukiza kipande cha tangawizi mbichi ndani ya chupa ya chai "ili iwe kali". Chupa ya chai inakaa kati ya nyuzi 60 na 70 kwa saa nyingi. Huwezi kukitafutia kimeng'enya mahali pazuri zaidi. Ukitaka ukali, chemsha tangawizi nyingine kwenye nusu kikombe cha maji kwa dakika tano, chuja, ndipo umimine. Na kizibo kifungue ukioshe kwa maji ya moto kila siku, maana maziwa ya jana yaliyojificha humo yameshachacha na yanaisubiri chai ya leo.