Filamu huru si lazima iwe ya majaribio

Siku hizi zinatajwa kwa pumzi moja: "filamu huru na za majaribio". Majukwaa ya kutazamia filamu mtandaoni yanazipanga kwenye kundi moja, matamasha yanazipa kipengele kimoja, na mtu akitoa filamu ambayo sauti inakatika na kisa hakishikiki, utasikia akijitetea kwamba eti ni ya majaribio. Hapana. Kukosa maikrofoni nzuri ni kukosa maikrofoni nzuri.

Maana yake haichukui muda. Filamu huru ni ile ambayo fedha zake na kauli ya mwisho juu yake haviko mikononi mwa studio kubwa. Filamu ya majaribio ni ile inayoichokonoa sinema yenyewe: mwanga, muda, mwendo, sauti, hata mkanda wenyewe, badala ya kuvitumia vyote hivyo kusimulia kisa tu. Uhuru unausoma kwenye mkataba. Majaribio unayaona kwenye skrini. Filamu moja inaweza kuwa na vyote viwili, kimoja, au kisiwepo hata kimoja.

Chukua The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, filamu ya mfululizo wa Star Wars. Baada ya filamu ya kwanza ya mfululizo ule kuingiza fedha za kutosha, George Lucas, mwanzilishi wake, aliamua kuigharamia ya pili mwenyewe, kwa fedha zake na mikopo ya benki, huku studio ya 20th Century Fox ikibaki kuwa msambazaji. Ukipima kwa fedha na umiliki, ile ni filamu huru, tena mojawapo ya kubwa kuliko zote. Ni nani atakayesimama aiite ya majaribio?

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1935 Len Lye, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akiishi London, alipaka rangi juu ya mkanda wa filamu bila kutumia kamera, mistari na madoa yakawa yanacheza kufuata muziki wa dansi. Filamu inaitwa A Colour Box, na haizidi dakika chache. Mlipaji alikuwa Posta ya Uingereza, kupitia kitengo chake cha filamu. Katikati ya rangi zile yanajitokeza maandishi ya kutangaza bei za kutuma vifurushi. Tangazo la shirika la serikali! Norman McLaren, mtengenezaji mwingine wa filamu za aina hiyo, naye alifanya kazi zake nyingi za ajabu, za kuchora na kukwaruza mkanda, akiwa mwajiriwa wa National Film Board, shirika la filamu la serikali ya Kanada, yaani mtu wa mshahara. Hawa wawili wako kwenye kila orodha ya sinema ya majaribio, na hakuna aliyekuwa huru kwa maana tuliyoitaja.

Zilichanganyikaje, basi? Kwa sababu ya njia za kufika kwa mtazamaji. Mpaka mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi dhidi ya studio ya Paramount na wenzake, studio kubwa za kule zilikuwa zinatengeneza filamu, zinaisambaza, na pia zinamiliki kumbi nyingi bora za kuionyesha. Asiyekuwa ndani ya mduara huo alijitafutia ukuta na projekta. Maya Deren, mtengenezaji wa filamu za majaribio, alifanya hivyo hasa: mwaka 1946 alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse, New York, akaonyesha filamu zake mwenyewe. Amos Vogel aliona mfano huo, na mwaka uliofuata akaanzisha Cinema 16, chama cha watazamaji waliolipa ada ili waone filamu ambazo kumbi za kawaida hazikuzigusa. Mwaka 1962 mtengenezaji filamu Jonas Mekas na wenzake wakaunda Film-Makers' Cooperative, ushirika wa kusambaza filamu zao, na kanuni zake mpaka leo zinanifurahisha: filamu haichujwi kwa kuonekana nzuri au mbaya, mtengenezaji anabaki na mali yake, na yuko huru kuipeleka kwa msambazaji mwingine pia. Kwa hiyo wa majaribio wengi walikuwa huru kwa sababu hakuna studio iliyowataka. Lakini kukaa chumba kimoja hakuwafanyi watu kuwa ndugu wa damu.

Na usambazaji wa sasa ndio unaoianika tofauti hiyo, kwa sababu makundi haya mawili yanaumia mahali tofauti.

Mwenye filamu huru anaumia kwenye mkataba. Jukwaa likinunua haki za dunia nzima kwa malipo ya mara moja, filamu inaweza kuonekana katika nchi nyingi kwa usiku mmoja. Kisha ikiondolewa kwenye orodha, aliyeitengeneza hana ruhusa ya kuionyesha hata kwenye darasa la wanafunzi, mpaka muda wa mkataba uishe. Aliihangaikia kwa fedha zake, ila huo uhuru aliuuza siku ya kusaini. Kuna mikataba mingine isiyofunga mtu hivyo, ndiyo maana vifungu vya haki na muda husomwa kabla ya kifungu cha malipo.

Wa majaribio anaumia kwenye picha yenyewe. Tazama Mothlight, filamu ya majaribio ya Mmarekani Stan Brakhage, ya mwaka 1963. Alichukua mabawa ya nondo waliokufa, vipande vya majani na vya maua, akavibana katikati ya tepu zinazopitisha mwanga, kisha vikachapwa kwenye mkanda wa milimita 16. Kila fremu, yaani kila picha moja moja ya mkanda, ni kitu kipya, haifanani na iliyopita. Video za mtandaoni kwa kawaida hubanwa kwa kuhifadhi kilichobadilika kati ya fremu moja na nyingine. Pale kila kitu kinapobadilika kila mara, ubanaji unashindwa, na mishipa ya bawa inageuka vimiraba vya ukungu. Filamu ya watu wawili wanaozungumza mezani haipatwi na balaa hilo. Msanii wa Kanada Michael Snow aliliona mapema tatizo jingine, la watazamaji wenye haraka: mwaka 2003 aliichukua Wavelength yake ya 1967, ya dakika 45, akaipandanisha tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa dakika 15, kwa ajili ya wale wasio na muda. Ulikuwa mzaha, lakini pia ilikuwa kazi mpya kabisa.

Kwa hiyo ndugu uliyerekodi filamu kwa simu, kwa akiba yako, yenye mwanzo, kati na mwisho: iite huru, na usione haya kwamba kisa chake kimenyooka. Kuipakia mtandaoni hakuipunguzii uhuru wala hakuiongezei. Angalia umebonyeza kukubali masharti gani. Hilo jina la majaribio waachie kwanza waliojaribu kitu.