Kabla hujaleta kiroba cha mawe: uhai wa kwanza haukuwa na mifupa

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kimara alifika mapokezi kwetu hapa makumbusho na kiroba cha mkaa begani. Ndani mlikuwa na mawe saba. Aliyatoa moja moja, akayapanga juu ya meza kama mafungu ya nyanya, akajifuta jasho, kisha akasema, "Mwanangu, haya ni mayai ya dinosaria. Nimeambiwa moja linafika milioni mia."

Hayakuwa mayai. Moja lilikuwa limepasuka, na kwa ndani lilionyesha mistari myembamba iliyolaliana, kama kabichi iliyokatwa katikati. Mzee aliyatoa Ziwa Tanganyika alipokwenda msibani Kigoma, kwenye maji ya magotini, kwa nyundo ya kuazima. Jina la jiwe hilo ni stromatolaiti: jiwe linalojengwa na bakteria wanaoishi kwa utando, tabaka juu ya tabaka, huku wakinasa mchanga na chokaa. Ya Tanganyika ni machanga, umri wake ni maelfu ya miaka tu. Lakini ndugu zake wa Australia ya Magharibi, eneo la Pilbara, wana takribani miaka bilioni 3.48, na ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi wa uhai unaokubaliwa na wataalamu wengi.

Kwa hiyo mzee alikosea dinosaria, akakosea na bei, ila mkononi alikuwa na kitu kinachokaribia mwanzo wa habari yenyewe kuliko mfupa wowote tulio nao kabatini.

Wageni wa namna hii wameongezeka tangu shule zifungwe, na pamoja nao malalamiko. Wapo wanaoleta mawe, wapo wazazi wanaosema tunawafundisha watoto kwamba binadamu ametokana na nyani, na wapo wanaouliza bei. La bei nilimalize hapahapa: hatuthaminishi, hatununui, na hatuna dalali. Anayekwambia anamjua mtu wa ndani anakutapeli.

Turudi kwenye umri, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Tufanye kila mwaka ni milimita moja, uanze safari ya kurudi zamani kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, ukielekea bara. Jiwe la matumbawe unalokanyaga ufukweni Oysterbay lingekuwa ndani ya mwendo wa dakika chache. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lina miaka kama milioni 1.75; unakaribia Kariakoo. Dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, miaka milioni 150, umeipita Chalinze na hujafika Morogoro. Wanyama wa kwanza wakubwa wa kuonekana kwa macho, kama milioni 570, umeiacha Dodoma nyuma lakini Singida bado. Na utando ule wa Pilbara? Nenda Mwanza, rudi Dar, kisha nenda tena Mwanza. Safari karibu yote hiyo njiani hakuna mfupa, hakuna jani, hakuna mdudu. Kuna utelezi tu.

Ndiyo maana anayetafuta mwanzo wa uhai kwa kutafuta mifupa anatafuta pasipo.

Umri wenyewe tunaupataje? Si kwa kukisia, na si kwa "mashine ya kaboni" ambayo kila mgeni anaitaja. Kaboni haifai kupita takribani miaka elfu hamsini. Kwenye majivu ya volkano mna chembe ndogo za madini ya zirkoni. Zirkoni inapoganda hubeba urani, nayo urani hugeuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya aina ya 238 humalizika kwa miaka bilioni 4.47. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unaujua umri wa majivu. Tabaka la majivu likiwa juu ya jiwe lako, na jingine chini yake, jiwe limebanwa katikati na umri wake unajulikana. Tafadhali soma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo sababu ya kanuni zote nitakazozitaja chini. Mawe ya mzee yalitoka fukwe mbili tofauti na yalichanganywa ndani ya kiroba kimoja. Nilimuuliza lipi la wapi. Aliyatazama sana, akacheka.

Sasa, uhai wenyewe ulianzaje? Dunia ina miaka kama bilioni 4.54. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey pale Chicago, alichemsha maji kwenye chupa zilizounganishwa zenye methani, amonia na haidrojeni, akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Ndani ya siku chache maji yakabadilika rangi, na ndani yake zikapatikana asidi za amino, yaani matofali ya protini. Watu husimulia jaribio hili kana kwamba Miller alitengeneza uhai. Hakutengeneza. Tofali si nyumba, na tena watafiti wengi leo wanaona hewa ya wakati ule ilikuwa zaidi naitrojeni na kaboni dayoksaidi kuliko alivyochanganya yeye. Alichoonyesha ni kwamba tofali hazihitaji fundi wa ajabu.

Lililobaki ni molekuli ipi ilianza kujinakili, yaani kutoa nakala yake yenyewe. Leo DNA hutunza maelekezo na protini hufanya kazi, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Kuku na yai. Thomas Cech na Sidney Altman walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989 kwa kugundua kwamba RNA, molekuli ndugu ya DNA, inaweza kufanya kazi zote mbili, kubeba maelekezo na kuchochea mabadiliko ya kemikali. Kuhusu mahali, wengine hutaja madimbwi ya nchi kavu yanayokauka na kulowana, wengine mabomba ya asili ya maji ya moto chini ya bahari, ambayo kwa mara ya kwanza yalionekana karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977. Mimi naegemea mabomba, hasa yale ya maji yenye magadi kama yaliyopatikana chini ya Atlantiki mwaka 2000, kwa sababu kuta zake zina vishimo vidogo vinavyofanana na seli kabla ya seli. Hilo ni langu, si tamko la taasisi.

Swali linalokuja kila wiki: kama kemikali zilitoa uhai zamani, mbona hazitoi leo kwenye ndoo yangu? Darwin alilijibu katika barua ya mwaka 1871: leo kemikali hizo zingeliwa mara moja. Ndoo yako imejaa bakteria wenye njaa. Na siku hizi kuna oksijeni, ambayo huharibu molekuli dhaifu.

Oksijeni hiyo nayo ina mwenyewe. Panda juu ya nyumba mchana wa jua, fungua tenki la plastiki ambalo mfuniko wake umepasuka. Pembeni utaona utelezi wa kijani, na ukiutazama kwa karibu kuna vipovu vidogo vimenasa chini yake. Hiyo ni oksijeni. Kwenye utelezi huo hukaa pia sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea na kutoa oksijeni, ukoo ambao takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita uliijaza hewa gesi ambayo kwa viumbe wengi wa wakati ule ilikuwa sumu. Chuma kilichokuwa kimeyeyuka baharini kilishika kutu na kutuama chini. Miamba ya Geita yenye mistari ya chuma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na wataalamu bado wanabishana kama pale ilikuwa kazi ya oksijeni au ya bakteria wa aina nyingine. (Baada ya kutazama, osha tenki. Hayo ni maji ya kunywa.)

Baadaye seli moja ilimmeza bakteria na isimmeng'enye. Akabaki ndani kama mpangaji, akalipa kodi kwa nishati. Ndiye mitokondria iliyomo kwenye seli zako. Mpangaji wa pili, sayanobakteria, ndiye ukijani wa mchicha. Lynn Margulis alipochapisha hoja hii mwaka 1967 wengi walimpuuza. Leo hatubishani: wapangaji hao bado wana DNA yao wenyewe, na inafanana na ya bakteria.

Kuhusu nyani: hakuna mtaalamu wetu aliyesema bibi yako alikuwa nyani. Nyani ni binamu. Mchicha pia ni ndugu, wa mbali sana. Masuala ya imani yana wenyewe, sisi hatuna tamko juu yake, na mzazi anakaribishwa kukaa darasani na mwanawe asikilize kinachosemwa badala ya kukipokea kupitia kundi la WhatsApp.

Sasa utaratibu. Ukiona kitu unachodhani ni kisukuku, yaani masalia ya kiumbe wa kale ndani ya mwamba, usiking'oe, usikioshe, usikipake vanishi. Kipige picha kikiwa mahali pake, mara tatu: ya karibu ukiweka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni, ya hatua tano nyuma, na ya mandhari yote. Washa huduma ya mahali (location) kwenye simu ili picha ionyeshe ilipopigwa. Andika tarehe, kijiji au mtaa, na ni nani mwingine alikuwepo. Toa taarifa ofisi ya serikali iliyo karibu, kisha utuletee picha pamoja na kitambulisho. Fomu hujazwa nakala mbili. Moja unaondoka nayo, ikiwa na muhuri. Isiyo na muhuri si nakala.

Kuchimba masalia bila leseni, au kuyasafirisha nje ya nchi bila leseni, ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, na adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Sampuli za mawe na madini zinaangukia pia kwenye Sheria ya Madini, Sura ya 123, kwa hiyo kibali kimoja hakifuti kingine. Watafiti wanaanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wapo wanaotuambia bakteria si mnyama wala mmea, hivyo stromatolaiti haimo kwenye sheria. Hoja nzuri, ipelekeni mahakamani mkiwa na wakili, si uwanja wa ndege mkiwa na sanduku.

Mzee hatukumshtaki. Tulimwandikia maelezo, tukabaki na jiwe lililopasuka, na sasa liko kwenye rafu ya watoto. Tunalilowesha kidogo ili mistari itokeze, nao huihesabu kwa kidole. Kwenye kibandiko, mbele ya neno "mahali", tumeandika "Ziwa Tanganyika, ufukwe haujulikani". Alipokuwa anaondoka alirudi kutoka mlangoni kudai kiroba chake.

"Kile nimeazima," alisema.