Kinga ya mwili inapoyaumiza mapafu

Mgonjwa wa nimonia anapozidiwa, si kila mara vijidudu peke yake ndivyo vinavyomwelemea. Pengine ni kinga yake mwenyewe. Seli nyeupe za damu hukimbilia kwenye vifuko vya hewa, mishipa midogo huvuja, vifuko hujaa majimaji na oksijeni hushindwa kupenya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mtu aweza kuwa ameanza dawa sahihi kabisa na bado akazidi kutweta.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Uingereza mwaka 2020, katika utafiti wa RECOVERY kuhusu UVIKO-19. Wagonjwa zaidi ya 2,000 walipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3, ilhali kwa wasiopewa dawa hiyo walikuwa asilimia 41.4. Waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine nao walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Kwao, kinga ilikuwa bado inafanya kazi yake, na kuituliza mapema hakukuwa na maana.

Nawasihi sana msomaji na jamaa zake: msinunue deksamethasoni wala prednisoloni, ambayo ni steroidi pia, kwa ajili ya kikohozi bila kupimwa. Dawa hizi hushusha homa na kumpa mtu nguvu kwa siku chache, huku maambukizi yakiendelea kuenea chinichini.

Wapo pia wanaolazimika kutumia dawa za kupunguza kinga kwa muda mrefu, kama wenye baridi yabisi au lupasi, magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe. Hawa wana mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe waweza kuacha makovu kwenye mapafu, na dawa inayoutuliza yaweza kufungua mlango kwa maambukizi. Baadhi ya dawa hizo huzuia protini iitwayo TNF, ambayo ndiyo inayosaidia mwili kuwazingira bakteria wa kifua kikuu waliolala. Mwaka 2001 watafiti waliripoti wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia infliximabu, mojawapo ya dawa hizo, wengi wao katika miezi ya mwanzo, na zaidi ya nusu kikiwa nje ya mapafu. Tangu hapo, kupima kifua kikuu kilichojificha kabla ya kuanza dawa hizi kumekuwa jambo la lazima. Kama hukupimwa, uliza.

Anayetumia dawa za aina hii asisubiri homa kali ndipo aende hospitali. Kikohozi kikavu kisichoisha, au kuhema kwa kupanda ngazi alizozizoea, kinatosha. Na kama ametumia prednisoloni kwa wiki kadhaa, asiiache ghafla kwa hofu ya maambukizi: tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hiyo, na shinikizo la damu laweza kushuka kwa hatari. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mpango wa daktari.