Kamera inayokaa mkekani

Watu wakishajua kazi yangu ni kuhakiki filamu swali la kwanza huwa lilelile, nipe muvi moja kali ya wikendi, na jibu langu miaka yote hii halijabadilika: Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, Japani, 1953, nyeusi na nyeupe, saa 2 na dakika 16. Hakuna anayepigwa humo na hakuna anayekimbizwa, na wengi wakisikia hivo hamu inawaisha palepale. Mi sina bosi wala mshahara, nalipwa kwa makala, na hakuna mhariri saivi wa kuniagiza niandike habari za muvi ya miaka 70 iliyopita, ndo maana naandika hapa kwangu, kwa sababu hii muvi naipenda na nataka uielewe.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mzee Shukichi na mkewe Tomi wanaishi Onomichi, mji mdogo wa bandari, wana watoto wakubwa wako Tokyo, wanafunga safari ya treni ndefu kwenda kuwaona. Mtoto wa kwanza ni daktari, na wa kike, Shige, ana saluni. Wanapokelewa vizuri tu. Siku ya kwenda matembezi daktari anaitwa kwa mgonjwa, matembezi yanakufa. Shige naye ana wateja. Sisi tuna msemo wetu, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, basi hapa hata jembe hawapewi, watoto wanachangishana hela wanawapeleka wazee Atami, mji wa ufukweni wenye maji ya moto, wakapumzike, yani kiukweli wawapishe. Na huko hotelini usiku kucha ni muziki na watu wanacheza kamari, wazee wa watu hawalali, asubuhi wamekaa ukutani juu ya bahari, Tomi anainuka anapata kizunguzungu kidogo. Sekunde chache tu. Ozu haweki muziki wa kukushtua, hasogezi kamera kwenye uso wake, ukiangalia simu yako hapo umeshaikosa, na hapo ndo muvi nzima inapogeukia.

Sasa kamera. Muvi nyingi kamera inakaa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kwa sababu anayepiga picha kasimama. Ozu aliishusha. Ikawa kimo cha mtu aliyekaa chini sakafuni, mara nyingine chini zaidi ya hapo, akatumia karibu lenzi moja tu, ya milimita 50, ambayo haivuti vitu karibu wala haivitawanyi, na kamera ikishawekwa haisogei, kwenye hii muvi inasogea mara chache mno. Vitabu vinasema ni kimo cha mtu aliyekaa kwenye tatami, ule mkeka mnene wa Wajapani. Mimi nimekulia Tanga kwenye nyumba ambayo chakula kinaandaliwa mkekani, mgeni akija anakaa mkekani, msiba ukitokea watu wote chini mkekani, kwa hiyo mara ya kwanza naiona hii muvi sikuhitaji kitabu. Nilijua nimekaa wapi. Ukikaa chini mtu akiingia unaona miguu kwanza, halafu anainama, halafu anakaa, na akishakaa tu mko sawa, hakuna mkubwa wala mdogo wa kimo, na hapo ndo mazungumzo yanaanza. Ozu anakusubirisha mpaka mtu akae. Hamkati katikati ya kuinama. Adabu ile kwa watu wake ndo siri ya muvi zake zote, mi ndo naamini hivo.

Halafu kuna zile picha zake za katikati ambazo hazina mtu. Bomba refu la moshi, nguo zimeanikwa, treni inapita, kule Onomichi unasikia injini za boti tu-tu-tu-tu baharini. Vijana wananiambia hapo muvi imeganda. Haijaganda, anakupa muda wa kumeza ulichotoka kukiona, kama mtu mzima akishatoa neno zito anavyonyamaza kidogo kabla hajaendelea.

Nikuonyeshe sini mbili kwa karibu. Ya kwanza, Tomi katoka na mjukuu wake mdogo kwenye kilima cha nyasi karibu na nyumba ya yule mtoto daktari. Anamuuliza ukikua utakuwa nani, daktari kama baba yako? Halafu kwa sauti ya taratibu kabisa anasema sijui siku hiyo bibi atakuwa wapi. Mtoto anachezea nyasi, hajibu, hata hajasikia. Na sisi tunawaona kwa mbali, maana babu yuko ndani dirishani anawaangalia. Hakuna anayelia.

Ya pili ni ya Shige, na hii ndo inayoniumiza. Mumewe kaleta keki kwa ajili ya wakwe, Shige anamwambia hizi za bei sana, wangetosheka na biskuti, huku anaila yeye. Halafu mteja saluni anawaona wale wazee anauliza ni akina nani wale, Shige anajibu ni watu tu anaofahamiana nao huko shamba. Wazazi wake hao. Nilikuwa naiangalia na mama yangu, laptopu juu ya stuli, namtafsiria maandishi ya chini mstari kwa mstari, nilipomtafsiria huo akasonya kwa nguvu, akasema huyu mwana kalelewa na nani? Nikamwambia na hao hao. Akanyamaza muda mrefu sana.

Anayewatunza ni Noriko, mkamwana wao, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani. Setsuko Hara ndo kaicheza. Anaishi chumba kimoja, wazee wakimtembelea anatoka fasta kugonga kwa jirani aazime pombe ya kumkaribishia baba mkwe, na kikombe pia anaazima, anarudi anawaandalia anakaa pembeni anawapepea wakila. Hiyo ya kuazima kwa jirani mgeni akiwa ndani, nani kati yetu hajaiona kwa mama yake?

Sasa nije kwenye mpya. Perfect Days, 2023, Mjerumani Wim Wenders ndo kaitengeneza lakini ni ya Tokyo na ya Kijapani kabisa. Wenders kamlilia Ozu maisha yake yote, mwaka 1985 alitoa filamu ya hali halisi, Tokyo-Ga, alienda Tokyo kutafuta kilichobaki cha dunia ya Ozu, akakaa na Chishu Ryu, yule aliyecheza mzee Shukichi, na akakaa na mpiga picha wa Ozu, Yuharu Atsuta. Kwenye Perfect Days mhusika mkuu kampa jina Hirayama, ukoo uleule wa wale wazee. Picha nayo karibu ya mraba kama zamani. Hirayama anasafisha vyoo vya umma vya Shibuya, hapohapo Tokyo, analala chini kwenye tatami, asubuhi anakunja godoro lake, ananyunyizia miche yake maji, ananunua kopo la kahawa kwenye mashine, anaweka kaseti kwenye gari anaondoka. Kuna pale anatoa kioo kidogo anakipitisha chini ya ukingo wa choo aone kama kuna uchafu upande ambao hakuna mtu ataangalia kamwe. Koji Yakusho, ndo kamcheza Hirayama, haongei karibu nusu ya muvi na alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka ule, kwa haki kabisa.

Ila nina neno. Vyoo vya kwenye ile muvi ni visafi hata kabla hajavisafisha. Ni vyoo vilivyobuniwa na wasanifu wakubwa, kuna vya vioo ambavyo ukifunga mlango havionyeshi tena ndani, vinapendeza, lakini mtu yeyote aliyewahi kusafisha choo cha stendi anajua kazi ile ikoje na muvi inaikwepa. Wenders anampenda Hirayama mpaka anamlinda. Ozu hamlindi mtu. Noriko mwenyewe, malaika wetu, mwishoni anamwambia baba mkwe wake kwamba yeye si mwema kama wanavyodhani, kuna siku zinapita hata mumewe hamkumbuki, na anasema akitabasamu, mpaka analia. Perfect Days inafikia hapo mara moja, dada yake Hirayama anapokuja na gari la dereva kumchukua binti yake, anamuuliza kaka, kweli unasafisha vyoo? Halafu anamwambia baba yao mgonjwa, hatambui tena mambo, nenda kamwone. Hirayama anatikisa kichwa, hapana. Anamkumbatia dada, gari linaondoka, anabaki analia barabarani. Dakika ile moja ina uzito kuliko ile miti yote na mwanga wake ambayo Hirayama huipiga picha.

Kwa hiyo anza na ya 1953, simu iache chumba kingine, na kama unaweza kaa chini kabisa, skrini iwe usawa wa macho yako ukiwa umekaa.

Tulipomaliza usiku ule mama aliniuliza kitu kimoja. Mwisho wa muvi Tomi kashafariki, mzee kabaki Onomichi na Kyoko, kitinda mimba wao, mwalimu. Mama akasema na huyu naye akiolewa, mzee atabaki na nani? Nikamwambia Ozu alishalijibu hilo miaka minne kabla, kwenye Late Spring ya 1949, Chishu Ryu huyohuyo ni baba, Setsuko Hara huyohuyo ni binti yake, anamwoza, halafu usiku anarudi nyumbani peke yake anakaa kwenye kiti, anachukua tunda anaanza kulimenya. Mama akasema usinimalizie. Tumeipanga Jumamosi.