Reli ya ngazi ya nje "yenye viwango" ni ipi hasa, na mbona bei zake zinapishana hivyo

Huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe, kupata kiwanja cha tambarare ni bahati, wengi tunajenga kwenye mteremko kwahiyo nyuma ya nyumba unakuta baraza limeinuka mita moja au zaidi halafu kuna ngazi ya kushukia uani. Siku hizi watu wanaweka deki kabisa, ile baraza ya mbao ya kukaa jioni mkiota jua, na ngazi yake inakuwa nje inanyeshewa mvua toka Novemba mpaka Aprili. Sasa ukimwita fundi akupigie bei ya reli, mmoja anataja hela hii, mwingine anataja mara mbili yake, wote wanasema kazi yao "ina viwango". Vipi?

Tuanze na maana. Reli inayokidhi viwango ni reli inayofanya kazi mbili tofauti, na ukichanganya hizo mbili ndo unapigwa. Kazi ya kwanza ni kuzuia, yaani mtu asidondoke pembeni na mtoto asipenye. Kazi ya pili ni kushikika, yaani mtu anayeshuka akiteleza mkono wake upate kitu cha kukamata palepale. Unaweza ukawa na kizuizi kizuri kisichoshikika kabisa, na unaweza ukawa na bomba zuri la kushika ambalo chini yake mtoto anapita anatambaa, na hiyo ya pili imejaa mitaani.

Vipimo vinavyozunguka kwenye video na ramani za mtandaoni vingi ni vya Marekani, kwenye mwongozo wao wa nyumba za kuishi unaoitwa IRC. Wao wanasema hivi: sakafu ya nje ikiinuka zaidi ya sm 76 kutoka ardhini lazima iwe na kizuizi, na kizuizi hicho kisipungue sm 91 kwenda juu. Ngazi ikiwa na vipandio (kile kimo cha kutoka stepu moja hadi nyingine) vinne au zaidi lazima iwe na cha kushika angalau upande mmoja, kimo chake kati ya sm 86 na 97, na hapo unapima wima kutoka ncha ya mbele ya stepu, sio kutoka kule ndani stepu inapokutana na nyingine. Fundi wengi wanapimia kule ndani, reli inatoka fupi, halafu unaambiwa "bosi hiyo ni sawa tu". Waingereza nao wana waraka wao, Approved Document K, cha kushika kwenye ngazi sm 90 mpaka 100, na kizuizi cha baraza la nje wanataka sm 110. Kwa hiyo ukiweka cha kushika kwenye ngazi sm 90 hadi 95 umewaridhisha wote wawili. Hapa kwetu kibali cha ujenzi unachukua halmashauri au jiji, ramani inapita kwa watu wao wa majengo, sasa mwambie aliyekuchorea ramani aioneshe hiyo reli na vipimo vyake humohumo, usiiache iwe habari ya kuelewana na fundi saiti mwishoni hela imeshaisha.

Kuhusu uwazi kati ya nondo na nondo, yaani vile vijiti vya wima vya kizuizi, kanuni ni ya kichwa cha mtoto. Mpira wa sm 10 usipite. Wamarekani kwenye ngazi wanaachia kidogo, mpaka sm 11, na kile kipembetatu kinachobaki chini kati ya stepu na reli ya chini wanaruhusu mpira usiozidi sm 15. Njia rahisi ya kukagua ngazi yako kwa kile kipimo cha sm 11 ni kuchukua kipande cha bomba la PVC la maji machafu la inchi 4, nje yake ni milimita 110, pitisha kati ya nondo. Likipita kirahisi rudisha kazi. Na zile reli za mabomba matatu ya kulala ambazo zimeenea sana huku kwa sababu ni rahisi kuchomelea, mtoto anazipanda kama ngazi nyingine ya kwenda juu. Marekani hawazikatazi kwenye nyumba ya kuishi ila Waingereza wanataka nyumba yenye watoto chini ya miaka 5 kizuizi kisipandike, na mimi kwa hili niko na Waingereza.

Kushikika nako kuna kipimo. Bomba la duara liwe na unene wa sm 3.2 mpaka 5.1, na likiwa karibu na ukuta liache nafasi ya kama sm 4 vidole vipite. Ndo maana mbao ya mbili kwa nne ukiilaza juu inapendeza kwenye picha lakini mkono haufungi, unaishia kuipapasa tu. Miisho ya bomba nayo ikunjwe irudi kwenye nguzo au ukutani, isiachwe imechomoza, maana mama anashuka na kanga yake au mzee na koti la baridi la Julai, kitambaa kinanasa na yeye anaenda.

Halafu nguvu. IRC inataka reli ya juu ihimili kama kilo 90 zikisukumwa sehemu yoyote, upande wowote. Hapa siri yote iko kwenye mguu wa nguzo, uzuri wa maua ya chuma hausaidii kitu. Nguzo iliyochomelewa kwenye kipande chembamba cha bati na kufungwa kwa skrubu mbili itacheza ndani ya mwaka. Au izamishe kwenye zege sm 35 hivi, au iwe na pleti nene yenye bolti nne za zege. Na pale nguzo inapotokea kwenye zege piga mteremko kidogo maji yasituame, maana skwea paipu inaanza kuoza hapohapo, na kwa mvua za Tukuyu hutasubiri sana.

Sasa hesabu, kwa sababu bei inazaliwa hapa. Chukua ngazi ya vipandio 8, kila kimoja sm 17, jumla umepanda mita 1.36. Makanyagio, pale pa kuweka mguu, ni 7 ya sm 28 (la nane ni baraza lenyewe), umesogea mbele mita 1.96. Fundi akivuta futi kamba chini ardhini anasoma mita 1.96 anakuambia "mita mbili bosi". Lakini reli inalala mshazari, na mshazari huo ni mita 2.39, yaani umeongezeka karibu sentimita 43 kila reli moja. Ukiwa na reli ya juu na ya chini, pande mbili, hizo ni reli nne, tayari mita 1.7 ya chuma haikuwepo kwenye hesabu. Hapo ndo unapigiwa simu katikati ya kazi, "bosi chuma kimepungua".

Weka nguzo tatu kila upande, za sm 4, ili kati ya nguzo na nguzo pasizidi mita 1.8. Katikati ya nguzo na nguzo panabaki sm 94 ukipima kwa mlalo, sio kufuata mshazari. Ukiweka vijiti 7 vya sm 2 unapata uwazi wa sm 10 kamili, hapo kijiti kimoja kikipinda kidogo umeshatoka nje ya kipimo kikali, kwahiyo weka 8 upate sm 8.7 na ulale usingizi. Jumla vijiti 32. Kila kimoja sm 80 hivi, hiyo ni mita 25.6. Paipu za dukani zina urefu wa karibu mita 6, kila moja inatoa vijiti 7, unahitaji paipu 5. Reli za juu paipu 1, na kile kipande kinachobaki kinakunjwa miisho, za chini 1, nguzo sita za mita 1.3 paipu 2. Paipu 9 zote, na 5 kati yake ni vijiti tu. Aliyekupa bei ya chini ujue karibu kila mara amepunguza vijiti, au amepunguza geji, yaani unene wa chuma, au vyote viwili.

Kwahiyo ukiomba bei usiulize "mita shilingi ngapi". Omba akuandikie idadi ya paipu, saizi na geji yake, pleti na bolti, vijiti vya kuchomelea na disk za grenda, ridoksaidi (ile rangi ya chini ya kuzuia kutu) na rangi ya mafuta mikono miwili, usafiri, kisha ufundi peke yake. Ukishapata hiyo karatasi unapita maduka mawili matatu pale Mwanjelwa, Mbeya, unajumlisha mwenyewe, na bei ya fundi wa kwanza na wa pili sasa unazilinganisha kwa kitu kilekile.

Mbao ni rahisi zaidi kwa sisi tulio karibu na Mafinga, ila iwe paini iliyopigwa dawa kwa presha, na misumari na bolti ziwe za kupakwa zinki kwa sababu dawa yenye shaba inakula msumari wa kawaida. Stenlesi haihitaji rangi lakini bei yake iko mbali sana na chuma cha kawaida, binafsi nisingeiweka kwenye ngazi ya uani.

Na hela ya mwisho ya ufundi usiitoe kabla hujakagua kabla ya rangi. Ridoksaidi ikishapita huoni tena kiungo kilichochomelewa nukta mbili tu badala ya kuzungushwa, wala lile ganda la kuchomelea ambalo halikugongwa likatoka, na hapo ndipo kutu inapoanzia chini ya rangi mpya.